Mianya ya Sakafu, Hekalu la Nong Khon

20 Julai. Mvua toka alfajiri.
Fundi Prasoet amenipa daftari. Kasema, "Shemeji, wewe umefika darasa la nne. Phaiwan mwenzako kaishia la pili, na mwandiko wangu mimi hata mwenyewe siusomi. Andika kila siku, mvua au jua, sakafu mbichi au kavu. Nikiulizwa kwa nini kazi haiishi niwe na la kuonyesha." Haya, naandika. Mvua. Sakafu mbichi.
Naandika na mengine kwa sababu kurasa ni nyingi, na nyumbani sina wa kuzungumza naye. Leo watawa wameanza Mkao wa Mvua, miezi mitatu hawalali nje ya hekalu lao. Mwanangu Kla yumo. Ana miaka ishirini na miwili, ndiye huyo huyo, sina mwingine. Kaingia utawa kwa ajili ya thawabu za baba yake aliyetutoka mwaka jana. Alisema mbele ya watu wote, "Mvua moja tu, Mama, halafu narudi." Siku ya kumnyoa, mkasi wa kwanza nilikata mimi, ndivyo desturi, nywele nikazipokea kwenye jani la yungiyungi. Toka hapo sijamgusa. Mwanamke hamgusi mtawa, hata awe mama yake, na mwenyewe aliniomba nilichunge hilo.

21 Julai. Mvua.

22 Julai. Mvua. Nguo hazikauki, zinanuka.

23 Julai. Mvua nyembamba.
Asubuhi watawa wamepita na mabakuli yao. Nimepiga magoti barabarani nikamtilia tonge la wali wa kunata. Hakunitazama, hawatakiwi kutazama. Lakini mimi nimemtazama miguu. Imechubuka vidoleni, hajazoea kutembea pekupeku. Nimekaa siku nzima nikiwaza ile miguu.

25 Julai. Jua kidogo mchana.
Leo tumejaribu sakafu. Niieleze, asije mtu akadhani tunakula bure. Ukumbi mpya una nguzo na bati, kuta hauna. Zege lilimwagwa mwezi wa nne kwenye joto, kesho yake Fundi akalikata kwa grainda vipande vya mraba, ili likitaka kupasuka lipasuke pale tulipoamua sisi. Sasa kazi yetu ni kuziba ile mianya kwa dawa ya mpira, maji yasiingie, wala wali, wala wadudu, na bibi zetu wakikaa chini kusali wasichomwe na kingo. Iwe tayari kabla ya sikukuu ya kutoa majoho, mvua zikiisha.
Ila dawa haishiki kwenye zege bichi. Jana tulibandika kipande cha nailoni sakafuni, tukakizungushia utepe pande zote. Asubuhi kimetoka jasho kwa chini kama kifuniko cha sufuria. Fundi kakivuta akatukana, halafu akakumbuka yuko hekaluni akaomba radhi hewani. Bado mbichi.

28 Julai. Jua.
Sisimizi wamehamia kwenye mianya ya upande wa jiko. Fundi alitaka maji ya moto. Baba Mkuu, mtawa mkuu wetu, akatokea nyuma ya nguzo.
"Fundi, unataka kuua vijiji vitatu hekaluni kwangu, na Mkao huu?"
"Baba Mkuu, mimi nataka kuziba tu."
"Basi waombe wahame."
"Wataelewa lugha yetu hawa?"
"Wamezaliwa hapa, kwa nini wasielewe?"
Kazi ya kuwahamisha kapewa Kla. Katandaza vipande vya jani la mgomba kutoka kwenye mwanya hadi ukutani mwa jiko, kavitia maji ya miwa, kachuchumaa anawasubiri. Mimi niko mwanya wa pili na brashi.
Nikamwuliza, "Mheshimiwa, wanatoka?"
"Wanatoka, mama muumini. Ila malkia hajaamua." Mtawa ndivyo anavyomwita hata mama yake.
Phaiwan akadakia, "Malkia ni kama mimi, anataka kubembelezwa."
Kla kauma mdomo asicheke. Akaomba brashi. Huwezi kumpa mkononi, kwa hiyo alitandaza kitambaa chini, nikaiweka brashi juu, naye akavuta kitambaa. Hatua moja tu kati yetu. Nimeona kidevu kina upele wa wembe. Nyumbani ningempaka mafuta ya nazi.

29 Julai. Mvua.

2 Agosti. Mvua kubwa. Mto umefika kwenye mashamba ya chini.

3 Agosti. Mvua.

12 Agosti. Mawingu.
Leo ni Siku ya Mama. Shuleni watoto wamewapigia mama zao magoti na kuwavika shada za asumini. Kla alikuwa ananinunulia shada kwenye kituo cha mafuta, linafika limeshanyauka, ananiambia, "Mama, lilikuwa zima nilipolinunua, wewe ndiye umechelewa kurudi kutoka kazini." Mwaka huu nimekwenda hekaluni na vyakula, nikamsujudia mimi. Mara tatu, kichwa chini. Kichwa kikiwa chini nikaona vumbi la zege kwenye kona, Phaiwan hakufagia vizuri.
Watu wananiambia, una bahati, Lamduan, mwana mtawa, mama yake anashika pindo la joho lake anapanda nalo mbinguni. Naitikia ndiyo, ndiyo. Sasa mbona nataka tu ashuke aje kula nyumbani? Nahofu kuwaza hivi ni kumpunguzia marehemu thawabu.

16 Agosti. Jua siku ya tatu mfululizo. Sakafu kavu!
Nailoni asubuhi ilikuwa kavu kabisa. Tumeanza. Phaiwan anasugua, mimi napuliza vumbi na kubandika utepe wa karatasi kingo zote mbili, Fundi anasukumia kamba ya sponji ndani ya mwanya, kina kile kile mwanzo hadi mwisho, halafu dawa ya kwanza kwa brashi nyembamba, halafu anakuja na bunduki ya dawa. Mimi namfuata na kijiko nilichochovya maji ya sabuni, nasawazisha. Kijiko ni changu cha nyumbani. Fundi amenifundisha dawa isifike juu kabisa. "Ibonyee kidogo, Shemeji, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Zege likitanuka kwa joto, dawa ipate pa kupandia."
"Na sponji ya nini?"
"Ili dawa isishike chini. Ishike huku na huku tu. Ikishika na chini, zege likijivuta, inachanika."
Jioni nimevuta utepe, mstari umetoka mweusi, umenyooka. Kla alikuwa anafagia majani. Kasimama akautazama kisha akaendelea kufagia. Nimefurahi kupita kiasi.

17 Agosti. Jua.

18 Agosti. Jua, mvua jioni, mianya mipya tumeifunika na turubai.

23 Agosti. Mvua.
Nimesikia kwa mpishi wa hekalu kwamba Kla anaamka kabla ya wenzake. Nyumbani ilikuwa vita kumwamsha.

24 Agosti. Mvua. Sijalala vizuri. Anaamka mapema kwa nini?

2 Septemba. Jua. Sikukuu ya wafu.
Siku ndefu, niiandike taratibu.
Asubuhi tumeweka vifurushi vya wali na samaki na tambuu chini ya miti kwa ajili ya wafu wetu. Mume wangu nimemwekea na sigara. Halafu Baba Mkuu akatangaza kwamba mianya iliyobaki, kila nyumba izibe mmoja, thawabu iende kwa wafu wao. Kijiji kizima kikashangilia. Fundi alikunja uso, nilimwona.
Akawapanga, akawaonyesha. Wa kwanza Bibi Chan, mkubwa wetu wote, magoti hayampi raha. Kakalishwa mbele ya mwanya wake, bunduki mkononi, akachungulia.
"Prasoet, hii nini humu?"
"Sponji, Bibi."
"Thawabu ya mume wangu umeijaza sponji?"
"Bibi, ndiyo kazi inavyotaka. Chini pasishike."
"Marehemu alipokuwa hai alikuchinjia ng'ombe kwenye harusi yako. Alikutilia sponji?"
Watu wakavunjika mbavu. Bibi kaingiza kidole, kaivuta ile kamba yote, kaitupa nyuma ya bega lake kama utumbo wa samaki. Akamimina dawa mpaka ikafurika, akakutanisha viganja kifuani, machozi yanamtoka. Baada ya hapo nani angekubali kubaki na sponji? Mke wa mwenyekiti katoa yake. Ndugu wa mwenye mashine ya mpunga wakatoa yao, wakaongeza dawa juu ikawa tuta. Ukibana mkono hekaluni unajibania mwenyewe, ndivyo tulivyolelewa. Fundi akabaki anazunguka, "Jamani, jamani, imetosha!" Wanamwambia, "Fundi, usiwe mchoyo wa thawabu za watu!"
Mwanya wangu ulikuwa ule wa mbele, chini ya jukwaa wanapokaa watawa. Nilijua. Watu wengine hawakujua, mimi nilijua, nilishasawazisha mianya hiyo kwa kijiko changu siku nyingi. Lakini niliinama pale nikawaza, je kama kweli inapungua? Je kama kila mtu kajaza na mimi peke yangu nimeweka nusu? Nikatoa sponji. Nikajaza hadi juu na zaidi. Na wala sikumtaja mume wangu. Nilisema moyoni, arudi nyumbani, arudi nyumbani, mpaka bunduki ikaisha.
Phaiwan aliniona. Akageukia mwanya wake.

3 Septemba. Mvua.

5 Septemba. Jua kali, mvua jioni.

9 Septemba. Jua kali.
Kama Fundi alivyosema. Mianya ya sikukuu mchana inavimba inatoka nje kama ulimi, Bibi Chan kajikwaa. Asubuhi ikiwa baridi imechanika katikati, maji yanaingia, na sisimizi wamerudi. Ile yetu ya mwanzo haina hata ufa. Fundi kakagua yote akaishia kwenye wangu. Ndio uliochanika vibaya kuliko yote.
"Wa nani huu?"
"Wangu."
Kanitazama muda. "Shemeji, wewe?"
Nikainamia ule mpasuko. Kasema tu, "Utaukata mwenyewe," akaenda kuvuta sigara nje ya geti.

14 Septemba. Mvua.
Kla hakupita na bakuli. Nimehesabu watawa nikadhani nimekosea, nikahesabu tena. Wa nyuma yake, mtawa kijana anaitwa Suthep, alipofika kwangu akasema kwa sauti ya chini, na hawasemi kamwe njiani, "Ana homa, mama muumini." Wali ukaniponyoka.

15 Septemba. Sijui hali ya hewa.
Ni homa ya dengi. Wamempeleka hospitali ya wilaya kwa gari la Baba Mkuu, nami nimefuata na pikipiki ya Fundi. Chembe za kugandisha damu zimeshuka. Daktari kasema siku mbili hizi ndizo za kuogopa, homa ikishuka ndipo hatari inapopanda. Nimeuliza mara mbili maana naona ni kinyume. Kasema ndivyo ulivyo ugonjwa huu.
Suthep amekaa naye, mtawa kwa mtawa. Mimi nimewekewa kiti miguuni.

16 Septemba.
Niandike nisije nikapasuka.
Homa imempanda mchana. Midomo imekauka, ana vidoa vyekundu mikononi. Nalowesha kitambaa, nakiweka ukingoni mwa kitanda, Suthep anakichukua, anamfuta. Anamfuta vibaya. Anamfuta kama anafuta meza, jamani, ni kijana, hajawahi kuuguza mtu. Namwambia, "Mheshimiwa, nyuma ya masikio, na kwenye makwapa." Anajaribu. Mikono yangu ilikuwa inawasha kama nimeshika upupu. Kuna dawa ya sakafu imeganda kwenye kucha zote, nimekaa naibandua, naibandua, kucha imetoka damu.
Kisha akaanza kuita. Hakusema mama muumini. Alikuwa anaita mama, vile alivyokuwa akiita akiwa mdogo akiota mafuriko.
Nesi, msichana mwenye roho nzuri, kaniinamia. "Mama, mshike tu. Anaumwa. Nani ataona?"
"Yeye akipona ataniuliza."
"Hatakumbuka."
"Mimi nitakumbuka."
Nilisema hivyo, lakini nilikuwa nimeshasimama. Mkono wangu ulikuwa umeshafika hewani juu ya paji lake, nausikia ule moto unavyopanda. Suthep kageuza uso dirishani. Alinipa nafasi yule kijana, nimemwelewa. Na mimi sijui nini kilinizuia. Si uchaji, nisijisifu. Niliona tu kwamba hiki ndicho kitu pekee alichoniomba maishani nikichunge, na nikikivunja wakati hajitambui nitakuwa nimemwibia. Nikaushusha mkono. Nikashika mguu wa kitanda. Chuma, baridi. Nimeushika mpaka akalala.

17 Septemba.
Homa imeshuka. Sasa ndipo tunaogopa.

18 Septemba. Wanapima damu kila mara.

19 Septemba. Jua.
Chembe zimepanda. Kaomba uji. Suthep kamnywesha, kamwaga nusu shingoni, wote wawili wakacheka. Nilikwenda chooni nikalia hadi mfagiaji akagonga mlango.

25 Septemba. Mvua.
Karudi hekaluni, mwembamba, masikio yamekuwa makubwa. Nilipeleka supu ya samaki. Baba Mkuu alikuwepo, na Fundi, maana mtawa hakai na mwanamke bila mwanamume mwingine. Kla kanawa mikono, katazama sakafu, akasema:
"Mama muumini, sikukuu ya majoho ikipita, nitavua joho. Narudi nyumbani."
Nimeinamisha kichwa wasione uso wangu. Baba Mkuu alikoroga chai yake.
Narudi nyumbani, kasema! Nimefika nikafagia chumba chake. Nimetoa godoro juani, jua lenyewe hakuna.

26 Septemba. Mvua. Nimefurahi.

28 Septemba. Mvua. Nimenunua suruali na shati la mikono mirefu, la buluu. Phaiwan kasema kola ni ya mzee. Nimemwambia yeye anajua nini kuhusu kola.

4 Oktoba. Jua. Sakafu kavu.
Tunakata mianya ya sikukuu. Kisu kimoja ukingo huu, kisu kimoja ukingo ule, halafu unavuta na koleo. Iliyoshika chini haivutiki, unakwangua kipande kipande na patasi. Wenye mianya wanakuja kutuangalia kama wanaangalia kaburi linafukuliwa. Bibi Chan kauliza thawabu yake inatupwa wapi. Baba Mkuu kamwambia thawabu ilishafika siku ile ile, huu ni mpira tu. Bibi karidhika, akamwambia Fundi, "Haya, mtilie sponji yake huyo mzee, alipenda vitu laini."

7 Oktoba. Jua.
Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya ngazi ya jukwaa, nakwangua kona. Juu yangu Kla alikuwa anamfundisha Bibi Chan sala za jioni. Bibi anakosea pale pale kila mara, anaruka mstari, Kla anamrudisha, hachoki. Mwanangu mimi, aliyekuwa ananipokonya simu kwa sababu nachelewa kubonyeza! Sauti yake imetulia. Sikuwahi kumsikia na sauti ile, nikabaki na patasi mkononi nimeduwaa.
Bibi kauliza, "Ni kweli unatuacha, Mheshimiwa?"
"Ni kweli, Bibi."
"Umechoka na kichwa cha kunyolewa?"
Kla kacheka. "Hapana. Kichwa chepesi."
"Njaa ya jioni?"
"Nimeizoea."
"Sasa nini?"
"Mama hajalala vizuri tangu baba afe. Hospitalini nilimwona mikono yake."
"Na wewe mwenyewe unataka nini?"
Alisema, "Tuanze tena, Bibi, pale ulipopotea."

8 Oktoba. Jua. Sikusema na mtu.

9 Oktoba. Jua.
Nimemweleza Phaiwan wakati wa chakula, nikitegemea atanionea huruma. Kamumunya mfupa wa samaki mpaka akamaliza.
"Kwa hiyo anarudi kwa ajili yako."
"Ndiyo."
"Vizuri. Utakuwa naye mezani, anakutazama unavyokula, anahesabu kama umelala."
"Una ulimi mbaya, Phaiwan."
"Ninao. Na binti yangu alirudi toka kazini Rayong kuniuguza goti. Goti limepona mwaka wa pili huu. Umemwona alivyo?"
Nimemwona. Anakaa mlangoni anachezea simu.

13 Oktoba. Mvua ya ghafla, imepita.

17 Oktoba. Jua. Mkao wa Mvua umekwisha.
Mishumaa imewekwa kwenye vyombo vya migomba mtoni. Kijiji kizima kinacheka. Watu wananipongeza mwanangu anarudi, kama walivyonipongeza alipoingia.

21 Oktoba. Jua, upepo wa baridi umeanza.
Umebaki mwanya wangu. Fundi alisema nitaukata mwenyewe, na hakusahau. Nimeukata asubuhi yote. Nimeusugua, nimepuliza, nimebandika utepe, nimeingiza kamba ya sponji kwa kina kile kile mwanzo hadi mwisho. Kla kaja kukaa kwenye ngazi. Fundi alikuwa pale pale anatengeneza kipulizio ambacho hakijaharibika.
Nilianza bila kumtazama. "Mheshimiwa, ile suruali niliyokununulia haikutoshi."
"Hujanionyesha, mama muumini."
"Haikutoshi. Phaiwan kasema kola ni ya mzee."
Kipulizio cha Fundi kikalia vuu, kikazima.
"Usivue," nikasema.
Nikapaka dawa ya kwanza, nikachafua utepe.
"Nilikusikia na Bibi Chan. Nilikuwa chini ya ngazi, sikukusudia. Ulimwambia ni kwa ajili yangu. Mimi sikukuzaa uje unilinde usingizi. Usingizi utakuja, na usipokuja nitasuka mikeka."
"Mama muumini anasema kwa moyo?"
"Nasema kwa mdomo. Moyo utafuata, ni mvivu, upe muda."
Kaweka mikono magotini. Nilitaka akatae. Niandike ukweli, nilitaka akatae kidogo tu, hata mara moja. Akasema taratibu, "Baba Mkuu anakwenda milimani Loei msimu huu wa baridi. Alinikaribisha. Nilimwambia siwezi."
"Mwambie unaweza."
Halafu nikamnyamazisha kwa bunduki ya dawa, maana ukianza mwanya husimami katikati, inaacha kovu. Niliupita wote kwa pumzi moja, nikausawazisha kwa kijiko, nikavuta utepe. Nilipoinua kichwa bado yupo, macho yamejaa, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama marehemu. Fundi kapenga kamasi kwenye leso kwa kelele kubwa, akasema vumbi.

22 Oktoba. Jua. Sikwenda kazini.

23 Oktoba. Jua. Phaiwan kaleta supu ya machipukizi ya mianzi, kakaa mpaka nikamaliza bakuli. Shati la buluu nimempa mtoto wa dada yake.

3 Novemba. Jua. Sikukuu ya kutoa majoho.
Watu wamekuja hata kutoka Bangkok. Wamekaa ukumbini mistari kwa mistari na hakuna aliyeitazama sakafu, na Fundi anasema ndiyo sifa yake. Bibi Chan peke yake kapapasa kwa kidole mwanya wa mume wake, akaitikia kwa kichwa.

6 Novemba. Jua, baridi kali asubuhi.
Wameondoka leo. Nilijiambia nitakaa nyuma ya watu. Baba Mkuu kakaa mbele kwenye gari lake la mizigo, Kla na Suthep nyuma, mabakuli yao kwenye mifuko, mablanketi mapya. Kla alikuwa anatazama barabara. Aliponiona akainamisha macho, kisha akayainua tena, akayaacha kwangu muda mrefu kuliko wanavyoruhusiwa, nadhani.
Dereva kawasha. Gari likakohoa. Kawasha tena, kimya. Betri imekufa kwa baridi. Baba Mkuu katoa kichwa dirishani, "Nani ana nguvu za thawabu?" Watu wakacheka wakaja kusukuma, Fundi, wanaume wa mashine ya mpunga, na Phaiwan kafunga kanga kiunoni. Palikuwa na nafasi moja katikati, kwenye mlango wa nyuma wa gari, pale hasa alipokaa Kla. Wakanitazama. Nikaenda.
Nimeweka mikono miwili kwenye bati. Bati jembamba tu, na upande wa pili mgongo wake, kageuka akaegemea, kanipa kisogo, asianguke. Fundi kahesabu, tukasukuma. Gari zito. Miguu inateleza kwenye mchanga. Tukasukuma mpaka getini, mpaka kwenye mteremko wa bwawa, na mimi nasukuma kuliko wote, wenzangu wameshaanza kuhema, mimi bado. Injini ikashika kwa kishindo, moshi mweusi ukatumwagikia, gari likachomoka mikononi mwangu, nikakimbia nalo hatua kadhaa mikono imenyooka mbele, haina kitu.
Phaiwan akanishika nisije nikaanguka bwawani. Uso wake mweusi tititi kwa moshi, meno tu.
"Shoga," kasema, "umemsukuma mwenyewe!"
Tukacheka. Tulicheka mpaka tukakaa chini barabarani, watu wanatupita, na mimi nikaendelea baada ya yeye kuacha, na ilipokuwa si kicheko tena hakuniachia.